Hata Mama Yangu Anaweza

Binti yangu alipoanza kazi pale nilipokuwa napika chai, nilimwomba jambo moja tu: asiwaoneshe watu kwamba anajua kazi haraka. Mimi sikusoma sana, lakini nimebeba trei kwenye ofisi za watu muda wa kutosha kuona kwamba anayemaliza mapema huongezewa kazi ya mwenzake, na anayeirahisisha huonekana hakuwa na kazi. Alicheka.

"Mama, wewe unaogopa hata kivuli cha birika."

Sawa, naogopa. Mtu mwenye watoto asipoogopa yeye, nani atawaogopea?

Ilikuwa kampuni ya kuuza vifaa vya ujenzi kwa jumla: mabomba, rangi, misumari, mabati, vitasa. Mbele kulikuwa na kaunta ndefu yenye kompyuta, nyuma stoo, juu ofisi ya bosi na ya mhasibu. Jiko langu lilikuwa chini ya ngazi, na ukuta kwa ukuta nalo kulikuwa na kachumba ambako zamani kuliwekwa mifagio. Humo ndimo walimoweka seva. Kwa asiyejua, kama mimi nilivyokuwa sijui, seva ni kompyuta isiyo na mtu wa kuikalia. Zile za kaunta zote huiuliza yenyewe: mabati yamebaki mangapi, mteja huyu anauziwa kwa bei ipi, risiti ya jana ilikuwa ya nani. Ikinyamaza, kaunta nzima inakuwa bubu.

Bosi wetu tulimwita Punguza, akiwa mbali, kwa sababu neno hilo lilikuwa halibanduki mdomoni mwake. Punguza taa. Punguza sukari. Dereva akipiga honi getini, punguza honi. Mtunza stoo, mtu wa mizaha, alisema siku Punguza akifa ataacha agizo azikwe kwenye jeneza la mtoto, akunjwe.

Binti yangu alikuwa amesomea kompyuta chuoni na pale ndiye alikuwa fundi pekee, lakini kwa mkataba wa muda, ule unaoongezwa bosi akipenda. Alichotaka ni ajira ya kudumu. Kulikuwa na chumba alichokitamani, chenye dirisha linalofunguka vizuri, na mwenye nyumba alimwambia bila kumung'unya maneno kwamba hapangishi watu wa mikataba ya muda. Alilala kwenye sofa langu, wadogo zake wakimkanyaga miguu kila wanapokwenda kunywa maji. Alikuwa mtu mzima. Nilikuwa nikimtazama alivyojikunja pale, najiambia, huyu akipata kazi ya kudumu na mimi nitalala.

Kila mwaka kampuni ililipia leseni. Mimi nilidhani leseni ni ya magari. Kumbe ile programu iliyokuwa inaiendesha seva ilikuwa kama ya kukodi: kila mfanyakazi anayegusa kompyuta analipiwa, na ukiongeza mtu kaunta unaongeza malipo. Siku ankara ya leseni ilipofika, Punguza alimwita binti yangu juu, na mimi nikaitwa na chai.

"Hawa watu wananikamua kwa kila kichwa!" alisema. "Nikiajiri mtu wa kushika risiti, nao wananyoosha mkono. Wao ndio waliobeba mimba yake?"

"Bosi, kuna njia nyingine," binti yangu akasema. "Tunaweza kuhamia programu huria."

"Huria ndiyo mdudu gani?"

"Ni programu zilizotengenezwa na watu wakaziachia wazi. Unachukua, unatumia, unairekebisha unavyotaka. Hulipii leseni hata ukiweka watu kaunta mpaka barabarani. Seva nyingi sana zinaendeshwa hivyo, hata za kampuni kubwa."

"Yaani bure."

"Ni huru, bosi. Leseni ndiyo bure. Lakini inataka mtu wa kuitunza, maana hakuna kampuni ya kupigia simu ikigoma."

"Bure," Punguza alimwambia mhasibu, kama hakusikia lililofuata. "Umesikia? Bure."

"Mtu wa kuitunza ni mimi," binti yangu aliendelea. "Ndiyo maana naomba, nikimaliza kuhamisha, nipewe ajira ya kudumu."

"Ukimaliza, njoo tuongee."

Nilikuwa namimina maziwa. Mimi nilisikia "tuongee". Mwanangu alisikia "ndiyo".

Alianza na kompyuta mbovu iliyokuwa imetupwa stoo. Aliiweka sakafuni jikoni kwangu, nyuma ya madumu ya maji, akawa anajaribia hapo kwanza kabla ya kugusa ile kubwa. Alikula amesimama. Jumapili mchana, watu wakiwa wamepumzika, alikuwa amejibanza kwenye kachumba kale na feni, anahamisha vitu kidogo kidogo: kwanza orodha ya stoo, halafu bei, halafu risiti za zamani. Nilimpelekea chai ikapoa, nikaichemsha upya, ikapoa tena.

Watu wa kaunta hawakufurahi. Skrini zilibadilika sura, kitufe walichozoea kiko kulia kimekwenda kushoto. Programu wakaipa jina la Bure, na jina likamhamia aliyeileta.

"Bure leo amegoma kufunguka," mmoja alikuwa akisema.

"Bure yupi? Wa kompyuta au wa Mama Chai?"

Wanacheka mpaka wanapiga kaunta kwa viganja. Kila mtu anajua kumwita binadamu bure ni kumwambia nini. Mhasibu alikuwa mbaya kuliko wote kwa sababu alilisema kwa sauti tamu, kama anamwita mtoto aje kula. "Dada Bure, mpenzi, njoo unitazamie printa." Mwanangu alikwenda, akatabasamu, na mimi niliyemzaa niliona anavyobana meno ya nyuma.

Lakini kazi iliisha. Seva ikawa inazunguka yenyewe, kaunta ikazoea, na ankara ya leseni ilipofika tena Punguza aliichana mbele yetu, akarusha vipande juu kama yuko harusini. Akaanza kuleta wageni, wafanyabiashara wenzake, kuwaonesha kachumba. Alikuwa akisimama mlangoni na kunyoosha kidole kama mtu anayeonesha ng'ombe.

Mmoja wao aliuza vigae, mzee wa maswali. "Na hii haitaki mtaalamu wa kukaa nayo? Maana wataalamu nao wana leseni zao, wanaziita mishahara."

Mwanangu hakutaka kazi yake ionekane na kasoro mbele ya mgeni. "Nimeipanga vizuri, mzee. Umeme ukikatika inajizima yenyewe kwa utaratibu. Nakala za akiba inajitengenezea. Matatizo ya kawaida ni kubonyeza tu hapa na hapa. Imekuwa rahisi, hata mama yangu anaweza."

Wote wakacheka, wakanigeukia, maana nilikuwa nimesimama pale na vikombe. Mimi pia nilitaka kucheka. Halafu nikaona Punguza hacheki. Alikuwa ananitazama kuanzia kilemba mpaka ndala, kama anavyotazama bati linaposhushwa kwenye lori: litabeba nini.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani nilimuuliza, "Kwa nini ulisema vile?"

"Vipi?"

"Kwamba hata mimi naweza."

"Mama, si msemo tu? Watu wote husema hivyo."

Kweli, husema. Lakini nilihesabu mataa ya barabarani njia nzima ili nisiseme kitu.

Mkataba ulipokaribia kwisha, Punguza aliniita mimi. Si binti yangu. Nilipanda na chai, akaniambia niiweke chini, kisha akasema, "Kaa, mama." Miaka yote sikuwahi kuambiwa kaa ndani ya chumba kile. Nilikaa kwenye ukingo wa kiti.

"Binti yako kakupandisha cheo."

Mhasibu akajifanya anatafuta kalamu, apate kucheka chini ya meza.

"Mkataba wake sitauongeza," Punguza akasema. "Kitu cha bure hakiwezi kuwa na mtu wa mshahara amekaa pembeni yake. Si kitakuwa kimeacha kuwa bure?"

"Bosi, yeye ndiye aliyekitengeneza."

"Nani kakataa? Na fundi aliyejenga ukuta huu, unamwona amesimama hapo anaushikilia?"

Niliutazama ukuta.

"Seva utaiangalia wewe. Kasema mwenyewe mbele ya mashahidi kwamba unaweza. Jiko lako liko mlango wa pili, huongezi hata hatua."

"Na mshahara, bosi?"

"Mshahara wa nini tena? Utakuwa unasimama palepale unaposimama." Akavuta kikombe chake. "Halafu umwambie wewe. Wewe mzazi, una lugha ya kuongea naye. Mimi nikimwambia atanililia hapa nipoteze nusu siku."

Nilimkuta kachumbani, amepiga magoti, anafunga nyaya pamoja zisining'inie. Nilitaka kuanzia mbali, kwa afya na hali ya wadogo zake, lakini nilipofungua mdomo neno likatoka zima zima: hawakuongezi. Hakugeuka. Aliendelea kufunga waya mpaka fundo likakaa sawa.

"Na nani ataitunza?"

Ndipo akainua uso, akauona wangu, akajua.

"Nimkatalie?" nikamuuliza. "Sema tu, mwanangu, nipande nikamkatalie sasa hivi."

"Ukikataa anatufukuza wote wawili. Wale nyumbani wale nini, nyaya?" Alifuta vumbi kwenye magoti. "Kaa chini nikufundishe."

Nimefundishwa vitu vingi maishani, na watu wenye kiboko mkononi, lakini sijawahi kufundishwa kama nilivyofundishwa na mwanangu siku zile za mwisho. Alijaribu upole kwanza. Alinieleza kwa lugha ya jikoni: seva ni sufuria iliyo motoni, huiondoi kwa ghafla, unapunguza moto, unasubiri itulie. Taa ya kijani ni shwari, ya njano ni kusubiri, nyekundu ni kuita mtu. Ila herufi za kwenye kibao nilizitafuta moja moja kama mtu anayechambua mchele.

"Hapana! Nimesema usiguse hiyo! Mama, unanisikia au unanitazama tu?"

"Nakusikia."

"Basi rudia. Tangu mwanzo."

Mlango ulikuwa hauna kitasa, kwenye kampuni ya kuuza vitasa, kwa hiyo kila mtu alitusikia. "Mwalimu, mpige viboko huyo!" mtunza stoo alipaza sauti. Wakacheka. Siku nilipofuata hatua zote bila kukosea, nikamgeukia kama mtoto anayengoja kusifiwa. Akasema, "Umeweza," akatoka nje. Heri angenizaba kofi.

Mtunza stoo, aliyekuwa na huruma yake ya pembeni, alimnong'oneza, "Dada, badilisha maneno ya siri halafu nenda zako. Waachie giza, watakutafuta kwa tochi."

"Atakayekaa kwenye giza hilo ni mama," alijibu. Akampa Punguza maneno yote ya siri, kamili. Mhasibu akamsindikiza mpaka ngazini. "Haya, Dada Bure. Kwaheri nayo hatutozi."

Alihangaika kutafuta kazi. Kila ofisi ilimuuliza kwa nini alipotoka hawakumpa ajira ya kudumu, na yeye aeleze nini, kwamba alifanya vizuri? Chumba chenye dirisha kikapata mtu mwingine. Mwishowe akapata kibarua kwenye kibanda cha kutengeneza simu, akahamia kwa shangazi yake, jirani na hapo.

Seva ikanivumilia kwa muda. Taa ilikuwa kijani, na kila ilipokuwa kijani nilijua nathibitisha kwamba mwanangu hahitajiki. Nilimwomba Mungu isiharibike, nisifukuzwe. Kisha nilimwomba iharibike, wamrudishe. Nadhani alichoka kunisikiliza.

Ikaja siku ya nyekundu. Nilifanya yote niliyofundishwa, ikakataa. Kaunta ikawa bubu, wateja wakaanza kupiga miluzi.

"Mpigie," Punguza aliniamuru.

Nikampigia. Alifika anahema, amevaa blauzi yake nyeupe ya ofisini, na moyo wangu ukaniuma kwa sababu nilijua kwa nini ameivaa. Alichungulia, akaandika, akangoja. Seva ilikuwa imejaa, akanieleza, kama pipa lisilopunguzwa maji: risiti zinaingia kila siku na hakuna anayesafisha. Akairudisha. Kisha akapanda ghorofani, na mimi nikamfuata na chai ambayo hakuna aliyeniagiza.

"Bosi, hii kitu inataka mtu. Nilikwambia tangu mwanzo. Nirudishe, hata kwa mkataba wa muda."

"Nikulipe kwa kazi gani?"

"Hii niliyoifanya sasa hivi."

"Hii? Umekuja kumsaidia mama yako. Ni lini mtoto alimtoza mama yake?"

"Na nisipokuja?"

Punguza alikoroga chai yangu taratibu. "Basi mama yako atakuwa ameshindwa kazi. Anayeshindwa kazi unajua anapitia mlango gani."

Mwanangu alinitazama. Mimi nilitazama sukari.

Tangu hapo akawa wa kuja. Kampuni ilifungua tawi la pili, kompyuta zikaongezeka bila leseni hata moja, Punguza akawasimulia wageni kwamba mitambo yake yote inaendeshwa na mpika chai. Seva ikazidiwa na mzigo, na kila ilipozidiwa niliambiwa, "Mpigie." Alikuja bila blauzi nyeupe sasa, na mikono yenye harufu ya risasi ya kuunganishia simu. Hakunisalimia. Alitengeneza, akaondoka. Nikimpigia jioni kumjulia hali, alipokea kwa kuuliza, "Imekuwaje tena?"

Mara ya mwisho alipokuja alisema jambo huku amenipa mgongo. "Mwenye kibanda ameniambia nichague, kibanda chake au mama yangu. Nikitoka tena saa za kazi nisirudi."

"Umechagua nini?"

"Mama, nipo hapa, si unaniona?"

Wiki iliyofuata, asubuhi ya watu wengi, wakandarasi wamepanga foleni mpaka nje na malori yananguruma getini, taa ikawa nyekundu. Nikafuata hatua zangu. Nikarudia. Punguza alishuka mwenyewe, tai imekwenda upande.

"Mpigie."

Nilitoa simu mfukoni, nikaiweka sikioni. Sikubonyeza kitu. Nilisikiliza kimya cha simu, na foleni nzima ikinisikiliza mimi.

"Inaita?"

"Inaita."

"Vipi?"

"Hapokei, bosi."

"Piga tena!"

Nikaiweka tena sikioni. Akanipokonya, akatazama kioo, uso ukamvimba. "Hujapiga!"

"Sijapiga."

"Mpigie sasa hivi!"

"Sipigi. Mwanangu yuko kazini."

Sijui sauti hiyo niliitoa wapi, haikuwa hata kubwa. Punguza alinitupia simu kifuani. "Toka. Vua hiyo aproni ya kampuni utoke."

Niliivua. Mhasibu alikuwa ameegemea ngazi, anapekua simu yake kwa kidole gumba, hana haraka. Niliona akimwonesha Punguza kitu kwenye kioo, na Punguza akatikisa kichwa kukubali. Sikujali. Mkandarasi mmoja kwenye foleni alinipigia kelele, "Mama, na ile chai yangu?" Watu wakacheka, nikapita katikati yao.

Sikwenda nyumbani. Nilitembea mpaka kwenye kibanda cha simu, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi pale, kwa sababu nilitaka kumwona amekaa kwenye kiti chake, anafanya kazi inayolipwa. Nilikuwa nimepanga na maneno: sitakupigia tena kwa ajili yao, mwanangu, imekwisha.

Kiti kilikuwa kitupu. Mwenye kibanda alikuwa anakusanya bisibisi ndogo ndogo mezani, anazidumbukiza kwenye mfuko wa plastiki.

"Namtafuta binti yangu," nikasema.

"Wewe ndiye mama?" Alinitazama kwa hasira, kisha kwa kitu kingine. "Mbona uko mzima? Kapigiwa simu na mwanaume fulani, kaambiwa mama yake yuko matatani kazini, asipofika haraka anafukuzwa. Katoka mbio, kaacha simu ya mteja wazi mezani."

"Saa ngapi?"

"Mmepishana njiani." Alifunga mfuko kwa fundo, akanikabidhi. "Mpe vitu vyake. Mwambie hapa asirudi."